Hodi Ndani ya Ruta

Thunder Bay, Januari, usiku wa kuamkia Jumatatu.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
ziwa limekuwa uwanja,
nami nimepiga magoti kwenye chumba cha mitambo
cha maghala ya nafaka,
bisibisi mdomoni, glavu moja mfukoni.
Ya pili sijui nimeiacha wapi.

Ndani ya ruta wameweka seva.
Bamba jembamba, limesukumwa likaingia
kama droo ya kabati.
Lina ubongo wake, kumbukumbu yake, diski mbili,
na humo zitakaa mashine pepe tatu
za kupima joto la ngano kwenye mapipa.
Nyumba imemeza nyumba,
ila mpangaji hajaonyeshwa mlango.

Eino Lahtinen, mlinzi wa zamu, analeta kahawa.
"Vyote viko kwenye sanduku moja," anasema,
"vinashindwaje kuzungumza?"
Eino, hujawahi kupanga chumba Uswahilini.
Ukuta mmoja, bomba moja, choo kimoja,
na mwaka unakwisha hamjasalimiana.

Basi naanza utambulisho.
Kiolesura cha ndani hakina tundu,
hakina kebo, hakina taa ya kijani;
ni njia iliyochorwa kwenye bodi, huioni.
Nakikatia mtaa wa anwani nne:
ya kwanza ni jina la mtaa,
ya mwisho ni baragumu la kuwaita wote,
zinabaki mbili,
ya mwenyeji na ya mgeni.
Shangazi akija, hana pa kulala.

Kisha amri ya kufungua,
ambayo haisemi fungua.
Unakana kufungwa:
unaandika *si kuzimwa*, na mlango unaamka.
Miaka kumi na moja kwenye kazi hii
na mstari huo bado hunichekesha
kama mtu anayekubali kwa kusema sikatai.

Napiga hodi, kutokea upande wa ofisi.
Nukta.
Nukta.
Nukta, nukta, nukta.

Nakagua namba. Nakagua tena kwa kidole,
kama mtoto anayesoma juzuu.
Saa nane usiku. Kahawa imepoa, imeota ngozi.
Nafungua skrini ya seva yenyewe, nahesabu:
hodi zilifika. Zote tano.
Karibu ndiyo iliyopotea.

Lango.
Lango lililoandikwa humu ni la karakana ya Winnipeg
ambako seva ilijaribiwa kabla ya kusafirishwa.
Kila jibu lilitoka kwa adabu zote
likaelekea kwenye nyumba iliyohamwa.

Sikumlaumu.
Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa,
karani wa benki aliponisogezea fomu,
mkono wangu uliandika wenyewe
S.L.P. 47, Muheza,
sanduku la shule, wala si letu,
tuliloazimwa kwa barua za watoto wote wa darasa.
Karani aliitazama fomu, akanitazama mimi,
akauliza: na unalala wapi?

Nafuta namba ya Winnipeg.
Naandika ya ruta, aliyembeba tumboni,
jirani yake wa pekee:
ukitaka kwenda popote, pitia kwangu.

Hodi.
Alama za mshangao, tano, zimejipanga.

Nahifadhi upesi, kwani umeme ukikatika
ruta husahau yote usiyomwandikia.
Nanyoosha magoti, yanalia.
Mashine pepe ya kwanza inaamka,
inasoma mapipa moja moja:
la saba, shwari. La nane, shwari.
La tisa lina joto lisilo lake.

Eino amekwisha kuona.
Anaweka kikombe juu ya ruta, nakiondoa,
anavaa koti, anachukua tochi.
"Njoo," anasema, "ukaone unachokizungumzisha."
Nami bado natafuta glavu ya pili.